Ua Hili, Ua Huu

Hapo zamani, siku ya Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, ndugu wawili wa tumbo moja waligombana juu ya ua moja la boga. Saa naitaja kwa sababu ina maana yake. Ua la boga hufunguka alfajiri, hujifunga kabla ya jua kufika utosini, na likishajifunga halifunguki tena. Ugomvi huu usingeweza kuanza jioni. Sikilizeni vizuri basi, maana mwisho nitawauliza, na jibu la "wote sawa" silipokei.

Palikuwa na mjane mmoja katika kijiji cha Kwamlongo, Bi Mwanakombo. Alikuwa na shamba bondeni, kando ya kijito kisichokauka. Katika nchi ile shamba la bondeni halikurithiwa na wanaume. Mama alimpa binti, tena binti mmoja tu, wala halikugawanywa, kwa sababu mwenye shamba hilo ndiye aliyetunza boga la mbegu. Boga la mbegu ni boga lililoachwa likomae juu ya mmea mpaka kikonyo chake kikauke chenyewe. Halipikwi. Hupasuliwa siku mvua ya kwanza inapogusa vumbi, na kila mwanamke wa kijiji huja na kitambaa chake kupokea mbegu. Bila boga la mbegu kijiji hakina cha kupanda.

Macho ya Bi Mwanakombo yalikuwa yameingia ukungu. Aliweza kutofautisha jua na kivuli, basi. Kwa hiyo mvua zilipokaribia aliwaita binti zake watatu mbele ya majirani, akasema:

"Msimu huu limeni ninyi. Mimi sioni tena kinachoota wala kinachonyauka. Boga la mbegu likipatikana, mwenye ua ndiye mwenye boga, na mwenye boga ndiye mwenye shamba."

Wakaitikia, "Tumesikia, mama." Na kweli walisikia, kila mmoja lake.

Wa kwanza alikuwa Chausiku, mwenye mizinga. Aliitundika kwenye miti iliyozunguka bonde, na asali yake ilijulikana hata kwa watu ambao hawakuwahi kumwona. Wa pili alikuwa Semeni, mwenye jembe. Alikuwa na shamba la mlimani lililokuwa mawe matupu, na watoto waliokula kila siku kama watoto wote. Yeye ndiye aliyepanda mbegu za mama, akapalilia, akamwagilia. Wa tatu alikuwa Siwema, kitinda mimba. Siwema alikuwa ameachwa na mume, akarudi kwao na furushi moja. Hakuwa na shamba, hakuwa na kibanda. Alilala dunguni, juu ya miti minne kule kule shambani, akilinda. Ua wa miiba uliozunguka shamba aliujenga yeye.

Na kila mmoja alilitaka bonde, lakini Siwema alilitaka kama mtu anayezama anavyotaka pumzi. Semeni alikwisha kumwambia wazi, "Siku nikipewa shamba, dungu nalishusha. Kuni zake nzuri." Chausiku alilisema jambo hilo hilo kwa adabu zaidi. "Dungu lisishushwe," alisema, "litanifaa kuwekea mizinga." Kumkaribisha Siwema hakuna aliyekutaja.

Sasa turudi kwenye Jumatano yetu. Semeni aliinama juu ya ua lililofunguka, akamkuta nyuki ndani, amelewa, amejipaka unga wa njano mpaka magotini. Chausiku alikuwa anapita na kienge chake cha kuwafukizia nyuki moshi.

"Dada Chausiku, waite wanao."

"Wanangu gani?"

"Hawa hapa. Wameamkia kwangu hata mimi mwenyewe sijanawa uso. Wanakula, wanajipaka, halafu wanarudi kwako kukutengenezea asali. Mimi napalilia, wewe unalamba vidole."

"Mdogo wangu, nyuki anakula kiasi gani?"

"Mdoezi naye hali sana. Ila hakosi hata siku moja."

"Alaa! Na maboga yako unadhani yanajazwa na jembe? Nyuki wangu ndio wanaoyajaza. Mdoezi ni wewe, unayenenepa kwa jasho la nyuki wa watu."

"Nyuki wana jasho?"

"Kukupita wewe."

Semeni akasimama wima. "Mama alisema mwenye ua ndiye mwenye boga. Ua hili nimelipanda mimi. Kilichomo ndani ya ua ni changu. Hata huyu nyuki, nikifumba mkono sasa hivi, ni wangu."

"Haya fumba, tuone."

Semeni hakufumba. Alikuwa na hasira, lakini hasira haikuwa imemfikisha huko.

Siwema alikuwa pembeni anafunga miiba iliyolegea. Aliposikia maneno hayo, mkono ukamsimama. Tangu mama aseme, yeye alikuwa akilala na kuamka akijua kwamba mwenye ua ni yeye. Nani mwingine? Ua huu ameujenga yeye, mwiba kwa mwiba. Sasa anasikia kwamba ua ni hili la njano, linalokufa kabla ya adhuhuri! Alitaka kumkimbilia mama amuulize, "Ua hili au ua huu?" Akaogopa jibu. Akaendelea kufunga miiba, na tangu saa ile wivu ukawa na nyumba tatu bondeni mle.

Wivu ukamwita Semeni, naye akaitika, "Abee."

Akapanda nyumbani kwake, akakusanya kawa zote, zile za ukili za kufunikia chakula, na nyingine akaazima. Kulipopambazuka alishuka bondeni, akafunika maua yake moja moja, kila ua na kawa yake, kama mtu aliyeandaa sahani za karamu. Wanawake waliokwenda kuteka maji wakasimama kwenye njia.

"Semeni! Umewapakulia wageni gani leo?"

"Wacheni mwenzenu," akasema mwingine. "Funika kombe mwanaharamu apite!"

"Huyo mwanaharamu ana mabawa," akajibu Semeni, na hakucheka.

Nyuki walikuja, wakazunguka juu ya kawa, wakaondoka. Semeni akafurahi. Lakini sikilizeni boga lilivyo. Boga lina maua ya namna mbili. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba, chini yake hamna kitu, nalo ndilo lenye unga. Ua jike hukaa juu ya kijiboga kidogo kama ncha ya kidole gumba. Unga wa dume usipofika kwa jike, kile kijiboga hugeuka njano, hulegea, huanguka. Dume halina miguu. Jike halina miguu. Mwenye safari ni nyuki, naye hasafiri kwa wema, husafiri kwa njaa.

Basi vijiboga vya Semeni vikageuka njano. Vikalegea. Vikaanguka. Semeni akaviokota katika upindo wa kanga, akalia, akasema, "Dada Chausiku ana kijicho. Ametazama maua yangu."

Na Chausiku kweli alikuwa ametazama. Alikuwa ameziona zile kawa. Aliziangalia kwa muda mrefu, akiwa na kienge mkononi, mpaka moshi ukazimika.

Wivu ukamwita Chausiku, naye akaitika, "Abee."

"Amewafungia nyuki wangu mlango wa chakula," akasema. "Nami nitamfungia mlango wa nyuki." Akaishusha mizinga yake yote, akaihamishia ng'ambo ya kilima. Mmoja tu ulimshinda, mzinga wa zamani wa gogo uliotundikwa na bibi yao. Ulikuwa nje ya ua, juu ya mti wa pembeni, na kamba yake ilikuwa imemezwa na gome mpaka haikujulikana ipi kamba, upi mti. Akauacha, akasema, "Nyuki wa mzinga mmoja watamfaa nini?"

Ng'ambo ya kilima, msimu ule, miti ilikuwa imepukutika. Hapakuwa na ua la kunyonya. Nyuki wakala asali yao wenyewe, wakadhoofika, wakawa hawana nguvu ya kulinda mlango. Nyegere akasikia harufu. Nyegere mnamjua: ngozi yake nene, mwiba wa nyuki kwake ni kama kubembelezwa. Akavunja mzinga wa kwanza akala, akavunja wa pili akala, akaendelea hivyo mpaka wa mwisho, akala masega, akala na majana, watoto weupe wa nyuki waliokuwa ndani. Chausiku alipokwenda kutazama alikuta vipande vya magogo na nzi. Alikaa chini akalia. Na kilichomliza zaidi, aliwaambia watu baadaye, hakikuwa asali. Ni kufikiria Semeni atakavyosikia.

Semeni naye, kwa upande wake, alikuwa amefunua kawa. Alidhani labda kivuli ndicho kilichoua vijiboga. Maua yakafunguka kwenye jua, na nyuki wachache wa mzinga wa zamani wakaja. Hawakuwa wengi, lakini walikuja. Vijiboga kadhaa vikashika. Vikawa kijani kibichi, vikakaza, vikawa kama ngumi. Semeni akashukuru, akawa anavihesabu kila asubuhi bila kumwambia mtu.

Sasa Siwema.

Mwanzoni mwa msimu Siwema alikuwa amesimika fito ndefu shambani, kila ufito na kijiti kilichokingamana juu yake, ili atundike vitambaa vya kuwatishia ngedere. Ngedere hawakutishika. Lakini bundi alikuja, akaona pa kutua. Kila jioni alitua pale. Siwema aliogopa kama mtu yeyote wa Kwamlongo angeogopa, maana kwao bundi akilia, watu huanza kuhesabu wagonjwa. Kisha asubuhi moja akakuta chini ya ufito vidonge vya manyoya vilivyokauka, matapishi ya bundi. Akakivunja kimoja kwa kijiti. Ndani mlikuwa na vifupa, na fuvu dogo lenye meno ya njano marefu. Meno ya panya. Akavunja cha pili: panya. Cha tatu: panya. Ndipo akaelewa kwa nini mashamba ya mlimani yalikuwa yanaliwa mpaka mizizi, na bonde lao halikuguswa. Siwema akalitunza jambo hilo moyoni. Angemwambia nani? Watoto walikwisha kuanza kubadili njia wakimwona, na dada zake walikuwa wakisema, "Mwenzetu ana mgeni wake wa usiku."

Ijumaa moja, kabla ya Chausiku kujua habari za nyegere, mabinti walikusanyika kwa mama. Semeni alileta msusa, majani machanga ya maboga, yameungwa kwa nazi. Chausiku alileta bakuli la asali. Bi Mwanakombo akaonja hiki, akaonja kile, akasema, "Mungu awape. Na Siwema kaleta nini?"

"Mimi nalinda, mama."

"Unalinda dhidi ya nini, mwanangu? Huko bondeni hata panya sijasikia mtu akimlalamikia."

Chausiku akacheka. "Mlinzi wa pasipo mwizi!"

"Mdoezi wa dunguni," akasema Semeni, "analala juu, anakula chini."

Mama naye akacheka. Hakukusudia baya, alicheka kama mtu mzima anavyocheka akiwa ameshiba. Lakini kicheko cha mama ndicho kilichomchoma Siwema.

Wivu ukamwita Siwema, naye akaitika, "Abee."

Alirudi bondeni, akazing'oa fito, moja baada ya moja, akazitupa kijitoni. "Sasa mtamlalamikia panya," akasema. "Sasa mtauliza mlinzi yuko wapi."

Hapa simameni kidogo. Semeni alipofunika maua alikuwa ameambiwa kazi ya nyuki, hakuamini; alidhani anazuia wezi. Chausiku alipohamisha mizinga hakujua njaa ya ng'ambo ya kilima. Lakini Siwema alijua kazi ya bundi. Yeye peke yake ndiye aliyejua alichokuwa anang'oa. Msilisahau hilo mtakapokuwa mnamhurumia.

Bundi alikuja jioni, akazunguka, hakuona pa kutua katikati ya shamba. Panya hawakuhitaji kuambiwa. Walishuka kutoka mlimani, wakaingia chini ya ua, wakatoboa kila kijiboga kilichoshika. Panya waliposhiba wakazaa. Walipozaa, nyoka akaja kuwafuata. Nyoka alipokuja, Semeni akaogopa kupalilia, na magugu yakapanda. Na kweli walilalamika! Semeni alilalamika mpaka sauti ikamkauka. Lakini Siwema hakupata raha aliyoitarajia. Aliposhuka dunguni na kuona maganda yaliyotafunwa, alikimbilia kijitoni kutafuta fito zake. Maji yalikuwa yamezichukua.

Msimu ukaisha. Majani ya maboga yakawa meupe, yakakunjamana. Boga la mbegu halikuonekana, na wanawake wa Kwamlongo wakaanza kumuuliza Bi Mwanakombo watapanda nini.

Ikawa asubuhi moja Semeni alishuka kung'oa mashina yaliyokufa. Alivuta moja, likaja. Akavuta la pili, likaja. La tatu likakataa. Alilivuta kwa mikono miwili, likakaza kama lina mtu upande wa pili. Akalifuata, likamwongoza mpaka kwenye ua wa miiba, likapenya chini ya miiba, likatokea nje.

Asubuhi ile ile Chausiku alikuja kutazama mzinga wa zamani, ndio pekee aliobaki nao, akashangaa kuwaona nyuki wake wakishuka kwenye kichaka kilichokuwa chini ya mti, nyuma ya ua. Akawafuata.

Na Siwema, asubuhi ile ile, alikuwa ameona vidonge vya manyoya chini ya mwimo mkubwa, nguzo ya kona ya ua, iliyo ndefu kuliko zote. Bundi alikuwa amepata pa kutua. Siwema akazunguka nje ili aone zaidi.

Wakakutana watatu. Katikati yao, juu ya majani makavu, lilikuwa boga. Kubwa, la kijivu, lenye mistari, kikonyo chake kimekauka chenyewe. Mmea ulikuwa umetoroka chini ya ua, ukachanua nje, mahali ambapo hakuna kawa iliyofika. Nyuki wa mzinga wa zamani walilipata ua lile. Bundi juu ya mwimo aliwazuia panya wasilisogelee. Ncha ya mmea ilikuwa bado hai, na juu yake kulikuwa na ua moja la mwisho, limefunguka.

Wote watatu waliinama kwa pamoja, vichwa vikagongana.

Boga lilifika kwa mama likiwa limeshikwa na mikono sita. Majirani wakajaa uani.

Semeni akasema kwanza. "Mama, ulisema mwenye ua ndiye mwenye boga. Ua lililozaa boga hili limetoka kwenye mmea wangu. Mbegu nilifukia mimi, maji nilimwaga mimi, mgongo ulioinama ni huu. Bila jembe langu nyuki angenyonya nini? Bundi angelinda nini? Ua hili ni langu."

"Ua ulilolifunika kawa!" akadakia Chausiku. "Mama, kila ua alilolitunza yeye lilikufa. Hili limezaa kwa sababu hakuliona. Aliyelipa uhai ni nyuki wangu, wa mzinga wangu. Unga wa dume ulifikaje kwa jike? Semeni aliubeba kwa jembe? Na mimi nimepoteza mizinga yangu yote. Nimebaki na huu mmoja, na huu ndio uliozaa boga. Nje ya ua hakuna mwenyewe ila nyuki."

"Uliobaki kwa sababu kamba ilikushinda," akasema Siwema. "Ungeweza ungeuhamisha na huo, na boga lisingekuwepo. Mama, ulisema mwenye ua. Ua huu nimeujenga mimi. Mwimo wa kona nimeuchimbia mimi. Bundi mliyeniita mchawi kwa ajili yake alikaa juu ya mwimo wangu, na panya hawakufika. Ndani kote walikula. Pale hawakula."

"Ndani walikula kwa sababu nani alizing'oa fito?" akauliza Semeni. "Ziling'oka zenyewe?"

Siwema akasema, "Nilizing'oa mimi."

Majirani wakaguna.

"Haya, na huyo bundi wako," akasema Chausiku, "alikufanyia wewe kazi? Alikuwa na njaa tu."

"Na nyuki wako? Walikwenda kumsaidia Semeni? Nao walikuwa na njaa."

"Basi na boga lenyewe," akasema mke wa mhunzi kutoka nyuma, "lilikuwa linatoroka. Hakuna aliyemfanyia mwenzake kitu hapa."

Watu wakacheka, isipokuwa wale watatu.

Bi Mwanakombo akainua mkono. "Nawauliza jambo moja. Ukikosa wewe, nani apate kati ya wenzako? Chausiku?"

"Kuliko Semeni, mama, bora umpe bundi."

"Semeni?"

"Kuliko dada Chausiku, bora nyegere. Yeye angalau hula akaondoka."

"Siwema?"

Siwema alifikiri sana, watu wakadhani atasema neno la kheri. "Kuliko hawa," akasema, "bora panya. Panya hawakunicheka."

Mama akainamisha kichwa. Hapo Semeni akapiga magoti mbele yake. "Mama, tusaidie. Siku ile ulisema ua hili, au ulisema ua huu?"

"Nilisema ua," akajibu Bi Mwanakombo.

"Ndiyo, mama, lakini upi? Lipi?"

"Mwanangu, nilipokuwa naona, sikuwahi kuhitaji kuchagua. Ua likichanua ndani ya ua, nyuki akaja, boga likaja. Nilisema ua." Akapapasa boga, akalikumbatia. "Nendeni. Kesho nitalitoa."

Walikwenda. Kijiji kizima hakikuzungumza jambo jingine. Wenye mizinga walikuwa upande wa Chausiku, wenye watoto upande wa Semeni, na walioachwa na waume walikuwa upande wa Siwema, ingawa kwa sauti ya chini, kwa sababu ya bundi.

Asubuhi iliyofuata Bi Mwanakombo alitoka nje kabla ya mtu kuja kumshika mkono. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, boga mapajani. Mabinti walikuja. Semeni alikuja na jembe begani, kana kwamba anapitia tu akielekea shambani. Chausiku alikuja amevaa kanga mpya. Siwema alikuja na furushi lake limeshafungwa.

"Asiseme mtu," akasema mama. "Nyoosheni mikono."

Wakanyoosha. Yeye akaipapasa, taratibu, jozi moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua mbegu gizani. Akakuta mikono iliyovimba, yenye vidonda vya miiba ya nyuki ambavyo havikupona vizuri, mikono ya mwanamke aliyezoa vipande vya mizinga yake. Akakuta mikono iliyopasuka viganjani, migumu kama mpini, iliyolima na kumwagilia na kuokota vijiboga vilivyoanguka. Akakuta mikono yenye nukta nukta chini ya ngozi, ncha za miiba ya ua zilizokatikia ndani. Alijua kila jozi ni ya nani. Mama hahitaji macho kwa hilo.

Mikono iliyofunika. Mikono iliyohamisha. Mikono iliyong'oa, ikijua.

Bi Mwanakombo akaliinua boga kutoka mapajani, akasema "Bismillahi," akaliweka katika mikono ya mmoja wao. Mikono minne ikafumba, mitupu.

Haya, wenzangu mliosikiliza. Ua ni hili au ua ni huu? Mizinga imekwisha, shamba la mlimani ni mawe, furushi limefungwa, na mvua ziko nyuma ya kilima. Boga lilitua mikononi mwa nani? Na je, huyo ndiye aliyestahili?